Samaki Waliotoweka Bila Kuvuliwa

Wasomaji wangu, leo kompyuta naiweka kando kidogo tuzungumzie fulu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria ambao majirani zetu wa Tanzania huwaita furu. Huku Homa Bay na Migori, fulu wakitajwa, lawama zote humwendea mbuta.

Ni kweli mbuta ana hatia. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na baada ya kuongezeka sana miaka ya 1980, wanasayansi walikadiria kwamba aina zipatazo 200 za fulu zimetoweka. Lakini yupo mshtakiwa wa pili, na huyu hana meno.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza samaki hawa katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977. Ziwa lenyewe lilikuwa limekauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Sasa aina mia kadhaa zilizozaliwa juzi tu zinawezaje kuishi pamoja bila kuchanganyika?

Mwaka 1997 Ole Seehausen, Jacques van Alphen na Frans Witte walitoa jibu katika jarida la Science. Chukua aina mbili: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya kibuluu, na Pundamilia nyererei, ambaye dume lake ni jekundu. (Ndiyo, ni jina la Mwalimu Nyerere!) Kwenye mwanga wa kawaida, jike humchagua dume wa aina yake. Watafiti walipobadilisha mwanga hata rangi zisitofautike, jike hakubagua tena. Na watoto wa mchanganyiko huo wana uwezo wa kuzaa.

Kwa sisi watu wa programu, rangi hapo ni neno la siri. Maji yakichafuka, mlango hauulizi tena neno la siri. Hakuna samaki anayekufa, ila baada ya vizazi kadhaa aina mbili zimekuwa moja.

Mwaka 2008, utafiti mwingine wa Seehausen na wenzake katika jarida la Nature ulifika hadi kwenye jeni. Penye maji maangavu, kama kisiwa cha Makobe, jeni ya jicho inayohusika na kuona rangi ilitofautiana kati ya nyekundu na buluu. Penye maji yenye tope jingi, tofauti hiyo ilikuwa imefifia.

Sasa turudi kwetu. Tangu ripoti ya Michael Graham ya mwaka 1929, mjadala wa uvuvi umekuwa juu ya nyavu na ukubwa wa matundu yake. Ni sawa, lakini tope halivui kwa nyavu. Mto Kuja hutoka nyanda za juu za Kisii, ukapita Migori na kumwaga udongo wa mashamba ziwani. Katika Ghuba ya Winam, mbolea na maji taka hulisha mwani unaozuia mwanga. Afisa anaweza kukagua wavu ufukweni. Fulu waliobaki wanahitaji mtu wa kukagua mteremko wa shamba pia, kilomita nyingi kutoka ziwani.