Nyumba, Fundi na Rafiki katika Umatengo

Kujenga nyumba ni tendo la mtu mmoja kwa jina tu. Kwa kweli ni tendo la wengi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, wala mikono miwili peke yake haisimamishi nyumba. Katika insha hii tutaitazama historia ya ujenzi katika milima ya Mbinga iliyo juu ya Ziwa Nyasa, penye vijiji kama Kitura na Litembo, tupate kuona jinsi udugu na ujira vilivyokutana chini ya paa moja.

Hapo kale Wamatengo walijenga kwa miti, fito, udongo na nyasi, vitu ambavyo havikununuliwa. Kilichotakiwa ni nguvu za watu, na nguvu hizo zilipatikana kwa ngokela, yaani kazi ya kusaidiana. Mwenye kazi aliwaandalia majirani chakula na pombe. Nao walijua kwamba leo ni kwake, kesho ni kwao. Hilo lilikuwa deni la jasho, na lililipwa kwa jasho. Daftari halikuhitajika, kwa sababu kila jicho lilikuwa shahidi. Tena palikuwa na sengu, baraza ambapo watu wa ukoo walikula pamoja, wakafundishana na kusuluhishana. Mtegaji wa kazi alijua kwamba habari zake zingefika huko.

Mabadiliko yalianza na tofali. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, wakajenga makanisa na shule kwa matofali ya kuchoma. Ufundi wa kufyatua, kupanga tanuri na kunyoosha ukuta kwa timazi ukaingia mikononi mwa vijana wa nchi. Kisha, katika miaka ya 1920, ikaja kahawa, na fedha zake zikaleta mabati na misumari. Kukandika udongo aliweza kila jirani. Kupiga kenchi hakuweza kila mtu. Hivyo akazaliwa fundi, mtu wa kulipwa.

Mwaka 1977, akiutathmini mwongo mmoja wa Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu wananchi waliosubiri saruji na mabati, huku udongo wa kutengenezea matofali na vigae ukiwa miguuni pao. Saruji aliifananisha na udongo wa Ulaya. Umatengo ulikuwa na jibu la lawama hiyo, kwani udongo ulikuwapo na mafundi walikuwapo. Lakini tanuri nalo lina gharama yake: hula kuni nyingi, na mlima ukiisha miti, chemchemi hudhoofika.

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo. Katika kijiji, fundi si mgeni. Ni rafiki, shemeji, au mtu tuliyesoma naye darasa moja. Mwenye nyumba humwita akitumaini bei nafuu. Fundi hukubali akitumaini kuaminiwa. Hawaandiki neno, kwani kuandikiana huonekana ni kushukiana. Kahawa ikiuzwa, fundi hupewa fedha nyingi kwa mkupuo. Akipata kazi nyingine, huenda kuifanya kwanza, maana rafiki atavumilia. Mwenye nyumba naye huongeza chumba kimoja katikati ya kazi bila kuongeza ujira, maana rafiki hatadai. Mmoja huona haya kuuliza, mwingine huona haya kudai. Mvua za Desemba huzikuta kuta hazina paa, na udongo uliounganisha matofali hulainika. Hapo huanguka vitu viwili, ukuta na urafiki. Na ukuta ndio ulio rahisi kuinua tena.

Kosa si kumpa rafiki kazi. Kosa ni kudai fadhila za ngokela katika kazi ya ujira, bila mashahidi wa ngokela wala sengu ya kuamua. Sheria yetu ya Mikataba, iliyoanza kutumika mwaka 1961, inatambua hata makubaliano ya mdomo. Lakini maneno ya mdomo huwa magumu kuthibitisha pindi watu wanapokosana. Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi marafiki na waandike: ukubwa wa nyumba, nani ataleta matofali, ujira wa kila hatua, yaani msingi, kuta, renta na paa, na siku ya kumaliza. Malipo yafuate hatua, na mzee mmoja aweke sahihi kama shahidi. Chumba kikiongezwa, karatasi nayo iongezwe.

Karatasi hiyo haiuvunji utamaduni wetu. Yale yaliyolindwa zamani kwa macho ya majirani, leo yanalindwa kwa wino. Ninyi vijana mtakaojenga kesho, shikeni yote mawili: moyo wa ngokela na uangalifu wa daftari. Anayemlipa rafiki yake haki yake kwa wakati amejenga nyumba mbili, moja ya kulala na moja ya kukimbilia siku ya shida.