Kuyafuata Maji ya Myddelton

Anayetafuta mto atashangaa akifika kwenye New River, yaani "Mto Mpya", mjini London. Huu ni mfereji uliochimbwa na watu, ukafunguliwa mwaka 1613 kuleta maji ya chemchemi za Hertfordshire hadi Clerkenwell, mwendo wa kilomita 62 hivi. Aliyeusimamia ni Hugh Myddelton, sonara. Fedha zilipomwishia, Mfalme James I alibeba nusu ya gharama kwa masharti ya kugawana faida.

Niliufuata katika mtaa wa Canonbury, ambako kipande chake kimebaki kuwa bustani nyembamba nyuma ya nyumba za watu. Mbele yake njia ya zamani imemezwa na mitaa.

Kutoka Clerkenwell maji yalisambazwa kwa magogo ya mti wa Ulaya uitwao elm, yaliyotobolewa katikati. Yalivuja na kuoza, na karne ya 19 yakang'olewa ili kupisha chuma cha kusubu. Chuma hicho hakikuzikwa mahali pema. Udongo wa mfinyanzi wa London hunywea wakati wa kiangazi na kuvimba mvua zikirudi. Bomba huvutwa huku na kule, kutu nayo ikilila pembeni. Juu yake yanapita mabasi ambayo waliolilaza hawakuyawazia.

Desemba 2016, bomba kuu la inchi 36 la enzi za Malkia Victoria lilipasuka kwenye barabara ya Upper Street, si mbali na njia ya mfereji. Maji yaliingia katika maduka ya vitu vya kale ya mtaa wa Camden Passage wakati wauzaji wakingojea biashara ya Krismasi, na barabara ikafungwa. Muda wa abiria aliyekwama, mafuta ya gari lililozungushwa na mauzo ya duka lisilofikika havionekani kwenye ankara ya maji, lakini kuna anayevilipa.

Tangu 2012 jiji limekuwa likitoza gharama hizo: anayechimba barabara zenye shughuli nyingi saa za foleni hulipa hadi pauni 2,500 kwa siku. Ni hatua ya haki, ila naiona nusu. Inamtoza anayechimba, haimtozi aliyeahirisha kuchimba miaka 50 hadi bomba likapasuka lenyewe. Gharama ya kuahirisha nayo ihesabiwe, na kabla lami mpya haijamwagwa popote, bomba lililo chini yake likaguliwe kwanza.