Ndoa ya Spider-Man ilivyofutwa

Leo tunarudi kwenye vitabu vya katuni vya Marekani. Spider-Man, yaani Peter Parker, alimuoa Mary Jane mwaka 1987. Miaka 20 baadaye, 2007, kampuni ya Marvel ikatoa "One More Day", hadithi ya sehemu 4. Peter alikuwa ameshaonyesha sura yake hadharani, maadui wakajua kwake, na Bi May, mama aliyemlea, akapigwa risasi. Basi anakuja shetani mmoja, Mephisto: nitamponya, ila nipeni ndoa yenu. Wakakubali! Asubuhi Peter anaamka hana mke, na dunia haikumbuki kama waliwahi kuoana.

Hapo ndipo sisi tuliponuna. Wangeachana, au mmoja angekufa, tungelia yakaisha. Lakini miaka 20 kufutwa kama ubao? Hapa kambini wapo wazee waliopoteza cheti cha ndoa njiani, na bado ni mume na mke.

Mhariri mkuu Joe Quesada, aliyechora pia hadithi hiyo, aliona ndoa inamzeesha Spider-Man. Mwandishi J. Michael Straczynski hakuupenda mwisho ule, hata akataka jina lake liondolewe kwenye sehemu 2 za mwisho. Baadaye akakubali libaki.