Maneno ya Msafiri

Miaka kadhaa iliyopita alifika nyumbani kwetu Chuno, mjini Mtwara, mgeni mmoja kutoka Barcelona. Jioni, tukiwa barazani tunabangua korosho, alifungua daftari lake akaniandikia maneno machache ya lugha ya kwao, Kikatalani, ambayo alisema yanamtosha msafiri yeyote atakayefika huko. Bon dia, habari za asubuhi. Si us plau, tafadhali. Gràcies, asante. Quant val, ni bei gani. No ho entenc, sielewi. Kisha akapiga mstari katikati ya ukurasa, akanipa kalamu, akaniomba nijaze upande wa pili kwa lugha ya kwetu. Nikaanza kuandika Kiswahili. Akanizuia kwa upole. "Hicho ninacho," alisema. "Nataka lugha ya mama yako."

Kalamu ikanigomea. Niliandika medi, yaani maji, munu, mtu, vanu, watu. Nikaongeza maamkizi mawili matatu. Nilipofika penye "sielewi" na "nisaidie", niliacha patupu, nikasingizia giza.

Ndugu msomaji, pwani hii yetu haikuanza jana kupokea wageni wenye madaftari. Mwingereza Henry Salt, aliyefika Msumbiji mwaka 1809, alitia katika kitabu chake cha mwaka 1814 orodha za maneno ya Kimakua na ya Kiyao. David Livingstone alishuka Mikindani Machi 1866, akielekea mto Ruvuma. Askofu Edward Steere alichapisha Unguja, mwaka 1876, kijitabu cha kumsaidia mgeni kujifunza Kimakonde. Na mwaka huohuo aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Unguja, safari iliyoishia kwa wao kuweka makazi Masasi. Mwaka 1879 Chauncy Maples, wa misheni hiyohiyo, akatoa kijitabu cha Kimakua.

Maneno ya msafiri humfichua msafiri mwenyewe. Mfanyabiashara huuliza bei, mmisionari huuliza habari za roho, mtawala huuliza kodi. Lakini hakuna orodha inayojiandika yenyewe. Kila neno lilitoka kinywani mwa mtu aliyeketi na mgeni, akamvumilia, akamrudia mara ya pili na ya tatu mpaka sikio lake likashika. Kumbe mwaka 1876 alikuwapo mtu wa kuujaza ukurasa ule ambao mimi, mwenye vyeti vya shule, nilishindwa kuujaza kwenye baraza langu mwenyewe.

Tulifikaje hapo? Sitaki kumlaumu Kiswahili, kwani bila yeye nisingezaliwa. Baba yangu alikuwa mtu wa Kilwa, aliyekuja kufanya kazi katika bandari ya Mtwara, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Mama alikuwa Mmakonde wa Newala. Walikutana katika Kiswahili na wakatulea kwa Kiswahili. Lugha hiyo ilikwisha kupewa sura moja: mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kuisimamia kazi hiyo katika nchi zote za Afrika Mashariki zilizokuwa chini ya Waingereza. Baada ya uhuru tuliipokea kama nguo ya sikukuu. Mwaka 1967 likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Shuleni kwetu, aliyeteleza akasema neno la kikwao alivishwa kibao shingoni, akakaa nacho mpaka amnase mwenzake. Mimi sikuwahi kukivaa kibao kile. Wakati ule nilijivuna kwa jambo hilo.

Hata hivyo mama hakuiacha lugha yake. Alikosa tu wa kusema naye. Ng'ambo ya Ruvuma, mto ambao Wajerumani na Wareno waliufanya mpaka wao mwaka 1886, wako Wamakonde wengine. Sisi husema Chimakonde, wao husema Shimakonde. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, maelfu walivuka kuja kwetu, na lugha ndiyo iliyokuwa hati yao ya kusafiria. Waliopita nyumbani mama aliwapikia, akawauliza habari za safari, akacheka nao kwa tofauti ndogondogo za matamshi. Sisi watoto tulikaa pembeni kama wageni.

Mgeni wangu alinieleza kuwa kwao pia lugha iliwahi kunyimwa nafasi. Wakati wa utawala wa Franco, tangu 1939 mpaka kifo chake mwaka 1975, Kikatalani kilifukuzwa katika madarasa na maofisi; bibi yake alikihifadhi jikoni. Baadaye kilirudi shuleni kwa sheria ya mwaka 1983. Nilimsikiliza kwa wivu kidogo. Wao walinyang'anywa na adui, wakajua la kudai. Sisi tuliiweka chini wenyewe, kwa nia njema, tukiwa na haraka ya kujenga taifa, na hakuna aliyetukumbusha kurudi kuiokota.

Kisa cha ukimya wangu mbele ya daftari lile ni hiki. Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, alilazwa hospitali mbali na nyumbani. Siku zile za mwisho Kiswahili kilimtoka, akabaki na lugha ya utotoni. Aliomba jambo moja, akalirudia usiku kucha. Wauguzi walinitazama mimi mwanawe niwafasirie. Nilimpa maji, kwa kuwa maji ndilo neno nililolijua. Akageuza uso. Nikampa tena. Siku ya pili mjomba akafika kutoka Newala. Akainama, akasikiliza, akaniambia taratibu, "Mpwa wangu, dada anaomba ageuzwe. Ubavu huu umechoka." Tukamgeuza. Akalala.

Kwa desturi ya Wamakonde ukoo hufuata upande wa mama. Kwa hiyo mimi ni wao kabisa, hakuna anayelibishia. Lakini usiku ule mama yangu ndiye aliyekuwa msafiri katika nchi ya ugenini, na hakuna aliyemwandikia maneno yake.

Sasa ninalo daftari langu, lenye mstari katikati. Kila niendapo Newala ninaketi na mjomba, naye hunivumilia, hurudia mara ya pili na ya tatu. Mabinti zangu hulichungulia, wakaniuliza kwa nini halianzi na maamkizi kama vitabu vingine. Neno la kwanza nililoliandika ni lile la mama, nigeuzeni. Maamkizi yako ukurasa wa pili.