Akrabu Tatu

Mnamo mwaka 1950 ndege kubwa za majini, aina ya Solent, zilikuwa zikitua katika Ziwa Naivasha, kusini-mashariki ya Nakuru. Ziwa hilo li juu ya usawa wa bahari kwa futi zaidi ya 6,000, na Mlima Longonot, jirani yake, wapita futi 9,000. Rubani ashukaye humo hakuwa na nafasi ya kukosea kimo.

Chombo cha kupimia kimo kilichoenea siku hizo kilikuwa na uso kama wa saa, na akrabu tatu: ndefu ya mamia ya futi, fupi ya maelfu, na ndogo mno ya makumi ya maelfu. Hiyo ndogo ilisahauliwa upesi. Tarehe 24 Desemba 1958, huko Uingereza, marubani wa ndege ya Britannia walikosea kimo kwa futi 10,000. Ndege ikagonga ardhi, watu 9 wakafa. Tusiwacheke, nani hajapata kukosea saa yenye akrabu mbili tu?

Ndipo tarakimu zilipozidi kutiwa katika vyombo. Lakini tarakimu peke yake hubadilika upesi mno ndege ishukapo, jicho lisiweze kuzifuata. Kwa hiyo katika vioo vya ndege za leo zimepangwa juu ya mkanda upandao na kushuka, rubani apate kuona kimo na mwendo wa kushuka pamoja.