Mwamba Ngoma na Kombora

Sisi watu wa Pwani Kusini tumezoea kupanda vyombo ambavyo hatukuvikagua. Ukitoka Msambweni au Ukunda kwenda Mombasa kupitia Likoni, unaingia kwenye feri ukimwamini fundi usiyemjua na mkaguzi ambaye hujawahi kumwona. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Mimi sikuwa nimezaliwa, lakini nimekua nikiisikia habari hiyo, na swali ambalo hubaki ikishasimuliwa ni moja: nani alikuwa na kazi ya kusema "chombo hiki hakiondoki"?

Swali hilo limenipeleka mbali, hadi kwenye chombo cha hatari kuliko vyote alivyowahi kuunda binadamu: silaha ya nyuklia, na programu za kompyuta zinazoiendesha. Nilisoma kompyuta chuoni mihula minne kabla ya kuacha, na somo lililobaki kichwani ni hili: aliyeandika programu asiwe ndiye wa mwisho kuipima. Wamarekani walilijua hilo mapema, maana nusura walipate kwa njia mbaya.

Tarehe 9 Novemba 1979, skrini za kituo cha ulinzi wa anga cha NORAD, kule Colorado, zilionyesha makombora ya Kisovieti yakija kwa wingi. Ndege za kivita zikapaa. Baada ya dakika chache, setilaiti na rada zilipoulizwa, zikajibu kwamba anga ni nyeupe. Kumbe data ya mazoezi ya vita ilikuwa imeingia kwenye mfumo halisi. Miezi saba baadaye, tarehe 3 Juni 1980, mambo yakajirudia kwa sababu nyingine. Kompyuta za NORAD zilikuwa zikituma ujumbe wa majaribio mchana kutwa, na pale pa idadi ya makombora pakiandikwa sifuri. Chipu moja ikaharibika, na baadhi ya sifuri zikageuka mbili. Makamanda wakaona makombora 2, kisha 200, kisha zaidi. Bei ya chipu hiyo ilikuwa senti 46 za Kimarekani. 

Hayo yalikuwa makosa upande wa kuonya. Upande wa kurusha, Jeshi la Anga la Marekani lilijiwekea utaratibu mkali zaidi, uliokua pamoja na makombora ya Minuteman. Jina lake ni refu. Kwa Kiswahili tungeuita uchambuzi mtambuka wa usalama wa nyuklia. Kanuni yake ya kwanza ni kwamba timu inayochambua programu lazima iwe mbali na timu iliyoiandika. Kampuni moja inaunda, nyingine inachokonoa.

Na wachokonozi hawaulizi kama programu inafanya kazi. Hilo ni jukumu la aliyeiunda. Wao wanauliza: je, inaweza kufanya jambo ambalo haikutakiwa kulifanya kamwe? Je, kuna njia yoyote, hata moja ndani ya maelfu ya mistari, ambapo kombora linaweza kuandaliwa au kurushwa bila amri halali? Je, hitilafu ya umeme inaweza kufungua mlango ambao ungepaswa kufunguliwa na binadamu wawili kwa pamoja? Kombora lililogoma kuruka ni hasara ya jeshi. Lililoruka lenyewe ni msiba wa dunia nzima.

Kazi hiyo ina pande mbili. Upande mmoja ni wa kiufundi: kusoma mistari ya programu na kuijaribu kwa kuigiza hali mbaya. Upande wa pili ni wa kulinda: nani amegusa programu, nani amegusa vifaa vya kuikagua, na je, ile iliyokaguliwa ndiyo ile ile iliyopelekwa kwenye kombora? Hapo wanaogopa zaidi ya kosa la bahati mbaya. Wanamuogopa pia mtu wa ndani anayeweza kupenyeza mistari yake kimyakimya.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hawakumwita mwamba ngoma mwongo. Mkono wake tu umezoea kuvuta upande mmoja. Vivyo hivyo mwandishi wa programu huijaribu kwa njia alizozifikiria mwenyewe, ilhali hatari imejificha kwenye ile ambayo hakuifikiria.

Hata hivyo, tusiwapambe kupita kiasi. Mkaguzi huyu yuko huru mbele ya kampuni, si mbele ya serikali. Jeshi ndilo linalomlipa, na mengi anayoyaona ni siri. Pia anakagua mashine tu, hakagui busara ya anayetoa amri. Lakini angalau mtu wa pili yupo, na ana uwezo wa kukataa.

Utasema: Afrika haina silaha hizi, na Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika 2009, unazikataza barani. Yatuhusu nini? Hebu tazama ndege basi.

Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya Ethiopian Airlines ET302, aina ya Boeing 737 MAX, ilianguka karibu na Bishoftu dakika 6 baada ya kuondoka Addis Ababa kuja Nairobi. Walikufa watu 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Programu iitwayo MCAS ilikuwa inaisukuma pua ya ndege chini kwa kuamini kihisi kimoja tu kilichotoa taarifa ya uongo. Ndege ya Lion Air ilikuwa imeanguka vivyo hivyo Indonesia, Oktoba 2018, ikiwa na watu 189. Uchunguzi ulipofanyika, ikajulikana kwamba sehemu kubwa ya kazi ya kuidhinisha ndege hizo ilikuwa mikononi mwa waajiriwa wa Boeing wenyewe, waliopewa mamlaka hayo na FAA, msimamizi wa usafiri wa anga wa Marekani. Nguvu ya MCAS iliongezwa katikati ya usanifu, na tathmini ya usalama haikwenda nayo sambamba.

Soma tena hapo. Nchi ile ile iliyokataa kumwachia muundaji wa kombora ajikague, ilimwachia muundaji wa ndege. Ethiopia nayo ilielewa somo haraka: visanduku vyeusi vilipelekwa Ufaransa kusomwa, havikupelekwa Marekani.

Na mada hii inazidi kusogea nyumbani. Kenya inataka mtambo wa umeme wa nyuklia, na mipango ilipoanza, majina ya Kilifi na Kwale yalitajwa. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kuukataa. Siku hizi macho yamegeukia Siaya. Mtambo kama huo nao huzimwa na programu mambo yakiharibika. Kanada iliwahi kuchelewesha mtambo wa Darlington mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu msimamizi hakuridhika na programu ya kuuzima. Mtambo ulijengwa, pesa zilitumika, na bado ukasubiri karatasi za wakaguzi.

Sheria zetu zina mwanzo mzuri. Tangu 2019 tuna wakala wa kuendeleza nyuklia, NuPEA, na mamlaka tofauti ya kuidhibiti, KNRA. Marekani ilitenganisha kazi hizo mbili mwaka 1974 tu, baada ya miaka mingi ya chombo kimoja kutangaza nyuklia na kuisimamia kwa wakati mmoja. Lakini utengano wa kwenye karatasi hautoshi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamuru seva za uchaguzi zifunguliwe zikaguliwe. Tume haikutii ipasavyo, na hiyo ikawa sababu mojawapo ya uchaguzi kufutwa. Vijana tulibaki na kauli ya "fungua seva" kama utani.

Mimi sioni utani hapo. Siku wataalamu watakapokuja tena Kwale na michoro yao mizuri kwenye projekta, usiwaulize kama mtambo ni salama, maana jibu unalijua. Waulize nani mwingine ameukagua, nani anamlipa, na mara ya mwisho alipokataa kutia sahihi ilikuwa lini.