Gitaa Mbele ya Okestra

Msomaji, je, umepata kusikia gitaa likipigwa peke yake wakati wa jioni? Sauti yake ni tamu, lakini haifiki mbali. Watu wakianza kuzungumza, humezwa mara moja. Sasa lifikirie gitaa hilo mbele ya okestra, yaani kundi kubwa la wapigaji wa fidla, filimbi, tarumbeta na ala nyingine nyingi, nalo latakiwa lisikike kati ya zote. Watungaji wachache wa Ulaya walijaribu jambo hilo tangu zamani, kama Mauro Giuliani wa Italia katika mwaka 1808, lakini wengi waliliepuka. Nataka kukueleza habari za mtu mmoja ambaye hakuliepuka.

Joaquín Rodrigo alizaliwa tarehe 22 Novemba 1901 katika mji wa Sagunto, nchini Hispania. Alipokuwa na umri wa miaka 3 alishikwa na ugonjwa wa dondakoo, akapofuka. Alijifunza muziki kwa maandishi ya Braille, yaani nukta ambazo vipofu huzisoma kwa ncha za vidole. Mwaka 1927 alikwenda Paris kusoma kwa Paul Dukas, na mwaka 1933 alimwoa Victoria Kamhi, mpigaji piano aliyezaliwa Istanbul. Kila alipotunga, aliandika kwanza kwa nukta, kisha akamtamkia mwandishi mwenye macho, nota moja baada ya nyingine. Ikiwa wewe huchoshwa na kunakili insha ya kurasa mbili, basi pima kazi hiyo.

Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Hispania, vikadumu hata mwaka 1939. Rodrigo na mkewe walikuwa ugenini, na fedha zao zilikuwa haba. Katika hali hiyo, mjini Paris, mwanzoni mwa mwaka 1939, alitunga Concierto de Aranjuez. Aranjuez ni mji ulio kando ya mto Tajo, kusini ya Madrid, wenye jumba la wafalme na bustani zake. Mtu asiyeyaona maua aliikumbuka bustani kwa harufu ya maua hayo, kwa nyimbo za ndege, na kwa mlio wa maji.

Je, aliishindaje ile shida ya sauti? Hakutafuta njia ya kulikuza gitaa. Alizipunguza ala nyingine. Gitaa linaponena, okestra nzima hailii kwa pamoja, bali ala chache chache hupokezana. Katika sehemu ya pili, iliyo ya polepole, ala moja ya jamii ya nzumari, yenye sauti nzito, huimba kwanza kwa huzuni, na gitaa huisindikiza. Kisha gitaa huuchukua wimbo huo na kuupamba. Ajabu ni kwamba Rodrigo mwenyewe hakuwa mpigaji gitaa, bali alikuwa mpigaji piano. Kazi hiyo ilipigwa mara ya kwanza Barcelona tarehe 9 Novemba 1940, na aliyeshika gitaa alikuwa Regino Sainz de la Maza.

Hapa lipo funzo kwa mwanafunzi wa historia. Wasikilizaji wengi, kwa kuisikia huzuni ya sehemu ile ya pili, walidai kuwa inauombolezea mji wa Guernica, ulioteketezwa kwa mabomu mwaka 1937. Dai hilo laelekea kuwa kweli, kwani miaka yakaribiana. Lakini Victoria, aliyekuwa karibu na mtungaji kila siku, alieleza baadaye katika kitabu cha maisha yake habari nyingine: kwamba ndani yake imo kumbukumbu ya fungate yao, na majonzi ya mtoto wao wa kwanza, aliyepotea kabla ya kuzaliwa. Basi kila usikiapo habari iliyoenea, uliza ni nani aliyekuwapo, na alisema nini. Jambo lielekealo kuwa kweli si lazima liwe kweli.

Kazi hiyo ilivuka mipaka. Mwaka 1960 Miles Davis, mpigaji tarumbeta wa Marekani, alitoa sahani ya santuri yenye wimbo wa sehemu ile ya polepole. Mwaka 1991 Mfalme Juan Carlos alimpa Rodrigo cheo kilichotokana na jina la bustani za Aranjuez. Alifariki tarehe 6 Julai 1999, akiwa na miaka 97, akazikwa huko huko Aranjuez pamoja na mkewe.

Naam, msomaji, darasani mwenu hakosekani mwenzenu mwenye sauti ndogo. Aghalabu humwambia apaze sauti. Rodrigo atufundisha njia ya pili: wenye sauti kubwa wapunguze zao kidogo, wamsikilize.